Mayowe yaliyovuka mpaka: Metali kali ya Nairobi iliyorekodiwa Kampala

WANDEGEYA, Kampala

SAA mbili za usiku Wandegeya, kelele hazina mwenyewe. Makondakta wa teksi wanaita abiria wa Bwaise na Kawempe. Boda boda wanapiga honi kwenye taa za barabara ya Bombo. Mhubiri ameshika kipaza sauti, na hatua chache kutoka kwake duka la vifaa vya simu limeelekeza spika mbili kubwa barabarani. Wanafunzi wa Makerere wanashuka kilima kutafuta chakula, na wengi wao wanaishia kwenye vibanda vya rolex.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye hajafika Kampala, rolex hapa si saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi, kisha yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Ni chakula cha mwanafunzi, cha dereva na cha mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Wandegeya hutajwa mara kwa mara kila inapozungumzwa asili yake.

Jina la mtaa huu nalo lina habari yake. Wenyeji hueleza kuwa limetokana na endegeya, jina la Kiganda la mnana, ndege mfumaji ambaye hujaza mti mzima viota na kupiga kelele tangu alfajiri. Miti imepungua na ndege wamehama, lakini kelele zimebaki.

Hapa ndipo nilipoketi kusikiliza albamu tatu ambazo watu wengi wa kanda hii hawajawahi kuzisikia, ingawa zimetengenezwa nyumbani kwao. Ni albamu za metali kali, muziki wa magitaa yanayokwaruza, ngoma zinazokimbia na waimbaji wanaonguruma badala ya kuimba. Kijana aliyekuwa akikaanga mayai aliniona nimekunja uso, akaomba kusikia. Nikampa upande mmoja wa hedifoni. Alisikiliza kama sekunde kumi, akanirudishia, kisha akaniuliza kwa upole kama simu yangu imeharibika.

Swali lake ni la haki, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Simu haikuwa imeharibika. Alichosikia ni kazi ya vijana wawili wa Nairobi iliyorekodiwa hapa hapa Kampala, na ukiifuatilia hadi mwisho inakufikisha kwenye misitu ya Nyandarua na vita vya Mau Mau.

Giza kwa Kikuyu, mnyama kwa Kiswahili

Albamu ya kwanza inaitwa Duma, na ndilo jina la kundi lenyewe. Ilitoka Agosti 2020. Kundi lilikuwa la watu wawili: Martin Khanja, anayejulikana zaidi kama Lord Spikeheart, ndiye mwenye sauti, Sam Karugu ndiye mpiga gitaa na mtayarishaji. Wote wawili walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, yakiwemo Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura.

Msomaji wa Kiswahili akiliona jina Duma atamfikiria mnyama mwenye madoa anayewashinda wanyama wote kwa mbio. Wenyewe wameeleza kuwa wamelichukua kutoka Kikuyu, na kwamba maana yake ni giza. Maana zote mbili zinaifaa albamu. Ni nzito na ya kutisha, na inakwenda kwa kasi ambayo sikio halijazoea.

Katikati ya mwaka 2019 wawili hao walikuja Kampala na kufanya kazi kwa takriban miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege. Matokeo yake ni nyimbo 9. Mmoja una jina la Kiswahili na tarakimu, "Pembe 666". Mwingine unaitwa "Uganda with Sam", na jina hilo pekee linatosha kukumbusha safari iliyoizaa albamu.

Usitarajie bendi ya roki ya kawaida yenye mpiga ngoma aliyeloa jasho. Ngoma za Duma zimetengenezwa kwa kompyuta. Zinapasuka, zinakatika, zinarudi zikiwa zimekunjwa na kusagwa. Gitaa linakuja kama bati linaloburutwa kwenye lami. Juu ya yote yupo Khanja, mara akinguruma kutoka tumboni, mara akipiga yowe jembamba linalosimamisha nywele.

Nyimbo hizi hazikuandikwa zipigwe harusini. Lakini ukisikiliza mara ya pili na ya tatu unaanza kugundua mpangilio. Kuna mahali pa kupumua, kuna mdundo uliofichwa chini ya mwingine, kuna sauti inayorudi kama mtu anayeita jina lilelile usiku. Waliozoea metali ya Marekani na Ulaya waliona jambo jipya, na wahakiki wa ng'ambo waliipokea vizuri. Nairobi na Kampala, isipokuwa kwa mduara mdogo wa mashabiki, hazikujua kuwa imetoka.

Jina ambalo Mswahili hucheka kwanza

Nyege Nyege inahitaji maelezo, maana ndilo jina linalowafanya Waswahili waangaliane. Kwa Kiganda, ekinyegenyege ni ile hamu isiyozuilika ya kuinuka na kucheza muziki unapopigwa. Kwa Kiswahili, neno linalofanana na hilo lina maana ambayo gazeti linalosomwa mezani na watoto halina haja ya kuifafanua.

Kikundi hicho kilianzishwa Kampala mwaka 2013 na watu wawili waliotoka Ulaya, Derek Debru na Arlen Dilsizian. Tamasha lake lilianza mwaka 2015 kando ya mto Nile karibu na Jinja, na lebo yake ya muziki, Nyege Nyege Tapes, ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2018 ikazaliwa lebo ndogo yenye jina la Kiswahili safi, Hakuna Kulala.

Lebo hizo ndizo zilizoupeleka mbali muziki mwingi wa kanda hii ambao ulikuwa haujavuka mtaa wake. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa singeli wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na mwaka huohuo muziki wa harusi wa Waacholi uliopigwa kwa kompyuta na Otim Alpha wa Gulu.

Hapo ndipo hoja ya kwanza inapojitokeza. Mtu akisema metali kali ni kelele za Wazungu zisizo na mizizi kwetu, muulize kama amewahi kusimama kwenye kigodoro cha singeli Tandale au Manzese. Singeli hupita kwa urahisi midundo 200 kwa dakika, na kuna watayarishaji wanaoikaribisha 300. Ngoma za larakaraka za Gulu nazo hazisubiri mtu. Mbio hizo ni zetu tangu zamani. Duma walichofanya ni kuziweka chini ya gitaa la metali na kuzima taa.

Mjapani na rolex

Albamu ya pili inaitwa Tewari, iliyotoka mwaka 2021 chini ya Hakuna Kulala. Mwenye albamu ni Shigeru Ishihara, Mjapani anayeishi Berlin, ambaye kwa miaka mingi alijulikana Ulaya kama DJ Scotch Egg. Jina hilo ni la chakula cha Waingereza, yai lililochemshwa likafunikwa kwa nyama. Alipofika Kampala kufanya kazi na wasanii wa hapa, jina likageuka kuwa Scotch Rolex. Aliyewahi kula Wandegeya haulizi sababu. Yai limetoka kwenye nyama, likaingia kwenye chapati.

Tewari si metali kamili. Ni mchanganyiko wa midundo mizito ya kompyuta, rapu na mayowe. Ndani yake yumo Lord Spikeheart wa Nairobi, yumo Chrisman kutoka Kongo, na yumo MC Yallah, mwanamke aliyezaliwa Kenya akakulia Uganda, ambaye hurapu kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kwa anayetaka kuingia katika muziki huu taratibu, huu ndio mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu rapu inampa msikilizaji kamba ya kushika wakati vingine vyote vinatikisika.

Tazama orodha hiyo tena: Mkenya, Mkongo, Mganda mwenye asili ya Kenya na Mjapani aliyejipa jina la chapati ya mayai. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na tangu hapo hotuba kuhusu kuhama kwa watu, huduma na mitaji hazijakoma. Vijana hawa hawakungoja semina. Walikaa chumba kimoja Kampala wakafanya kazi.

Muziki huu ulitoka wapi

Kabla ya albamu ya tatu, turudi nyuma kidogo, maana msomaji ana haki ya kujua anachosikiliza ni nini.

Metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Gitaa likatoa sauti nzito ya chini. Uzito huo, ambao leo husikika katika bendi za dunia nzima, ulianza na jeraha la mfanyakazi.

Miaka ya 1980 vijana wa Marekani waliuongeza kasi na ukali. Possessed wa California walitoa Seven Churches mwaka 1985, na Death wa Florida wakatoa Scream Bloody Gore mwaka 1987. Ndipo ikapatikana deth metali, jina lililotokana na kifo, kwa kuwa nyimbo zake huimba kaburi, vita, maradhi na hofu. Mwaka huohuo wa 1987, Birmingham ileile ikatoa Scum ya Napalm Death, yenye nyimbo nyingine zisizofika hata dakika moja.

Muziki huo haujazeeka. Obituary na Cannibal Corpse, bendi zilizoanza miaka ya 1980, zote zilitoa albamu mpya mwaka 2023. Blood Incantation, kizazi cha sasa cha Marekani, walitoa Absolute Elsewhere mwaka 2024, albamu yenye tungo mbili ndefu tu ambamo deth metali inapumzika na kugeuka muziki wa anga kabla ya kurudi kupiga.

Wala Afrika si mgeni. Botswana ina Overthrust, kundi la deth metali la Ghanzi, ambako mashabiki huvaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe. Togo ina Arka'n Asrafokor, ambao katika albamu yao ya mwaka 2024, Dzikkuh, wanapiga midundo ya Waewe ndani ya metali. Kampala yenyewe ina Vale of Amonition, kundi lililoanza mwaka 2009, ambalo limechagua njia ya polepole na huzuni.

Na ule mngurumo? Wengi hudhani mwimbaji anaharibu koo. Anayeijua kazi yake hutumia pumzi ya kiwambo, ile inayotoka chini ya mbavu, na kutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti badala ya kuzikwaruza nyuzi zenyewe. Ni ufundi unaofunzwa, kama mbinja au kama vigelegele vya mama zetu. Asiyejifunza hupotea sauti wimbo wa pili.

Mnana wa Nyandarua

Albamu ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Inaitwa The Adept, ilitoka Aprili 2024, na ni ya kwanza ya Lord Spikeheart akiwa peke yake. Aliitoa kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, jina ambalo Mswahili hawezi kulisoma bila kukumbuka hekalu.

Ni albamu yenye wageni wengi kutoka nchi nyingi, akiwemo Backxwash, mwanarapu wa Kanada aliyezaliwa Zambia. Sauti zake zimepanuka kuliko za Duma. Kuna magitaa ya deth metali, kuna midundo ya disko la usiku wa manane, kuna vipande vya rapu, na kuna mahali ambapo Khanja anaacha kunguruma na kunena kama mtu anayeapishwa.

Albamu hii ameitoa kwa heshima ya nyanya mkuu katika ukoo wake, Muthoni wa Kirima. Jina hilo Mkenya mzima analijua. Muthoni aliingia msituni wakati wa vita vya Mau Mau, baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Alipigana Nyandarua, akapanda hadi cheo cha Field Marshal, na anatajwa kuwa mwanamke pekee aliyekifikia. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Muthoni alibaki msituni. Alitoka baada ya uhuru wa Desemba 1963.

Nywele zake alizozisokota msituni alikaa nazo karibu miaka 60 baada ya uhuru, zikiwa ndefu na za kijivu. Zilikatwa mwaka 2022, na aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza. Muthoni alifariki Septemba 2023. Miezi saba baadaye, albamu ikatoka.

Kimathi, wanasimulia, alimpa Muthoni jina la utani. Alimwita mnana, yule ndege mfumaji, kwa sababu alijua kufuma mipango ya vita kama ndege huyo anavyofuma kiota. Niliposoma hilo nilikuwa nimekaa Wandegeya, mtaa wenye jina la ndege huyohuyo kwa Kiganda. Sidai kuwa kuna siri yoyote hapo. Lugha zetu ni majirani na zimemtazama ndege mmoja.

Lakini sadfa hiyo ilinifanya niisikilize albamu upya. Yowe ambalo awali nilisikia kama tishio, sasa nililisikia kama kilio cha ukoo. Vita vya Mau Mau viliacha watu waliohasiwa, waliopigwa na waliofungwa kambini bila kesi. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kutamka kuwa inasikitika, na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kwa nusu karne wazee wale walikuwa wakinong'ona. Je, mjukuu anayepiga yowe anakosea adabu, au anasema kwa sauti yale ambayo wazee walilazimika kuyameza?

Mimi nimeegemea upande wa pili. Tuna nyimbo nyingi nzuri za kusifu uhuru, zenye matarumbeta na kwaya. Hazitoshi kueleza miaka kumi ya baridi na njaa msituni. Kuna mambo ambayo ukiyaimba kwa sauti tamu unakuwa umeyapunguza.

Shetani na kibali

Msomaji mcha Mungu atauliza kuhusu shetani. Hatujakwepa swali hilo. Metali kali imejaa picha za kuzimu, na tarakimu 666 hazikuandikwa kwa bahati mbaya. Bendi nyingine hufanya hivyo kwa kuchokoza, nyingine kwa chuki halisi dhidi ya dini, na nyingine huchora jehanamu kama mhubiri anavyoichora, ili mtu aogope. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto anasikiliza nini, na ana haki ya kukataza.

Ila kukataza kunakofanywa na dola kuna historia yake hapa Uganda. Septemba 2018, waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege kwa hoja ya kulinda maadili. Baada ya mvutano, likaruhusiwa. Septemba 2022 Bunge nalo likataka lisitishwe. Muda mfupi baadaye serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mara zote mbili hoteli, wenye boda boda na wauza chakula wa Jinja walikaa roho juu, kwani kwao tamasha ni msimu wa mavuno.

Mabishano hayo yalihusu mavazi, pombe na mwenendo. Muziki wenyewe haukujadiliwa. Hakuna aliyesimama bungeni kusema albamu ipi ni nzuri na ipi ni mbovu. Kusema hivyo ni kazi ya wasikilizaji, na sisi wasikilizaji wa kanda hii hatujaifanya.

Santuri Ulaya, simu kwetu

Hapo ndipo penye jambo linalonikera. Albamu hizi zilizalishwa na mikono ya Afrika Mashariki, lakini soko lake liko mbali. Santuri na kaseti zake hununuliwa zaidi Ulaya na Marekani. Tamasha zinazomlipa msanii wa aina hii ziko Berlin kuliko Nairobi. Kijana wa Wandegeya anayetaka kuzisikia atazipata kwenye simu, kwa bando la siku moja, bila kuwahi kumwona mwimbaji jukwaani.

Lebo iliyoufungulia muziki huu mlango ilianzishwa na wageni. Si kosa lao; walikuja wakasikiliza wakati sisi tulikuwa na shughuli nyingine. Ndiyo maana kuanzishwa kwa Haekalu ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa mara hii Mkenya ndiye mwenye muziki, mwenye lebo na mwenye hadithi. Akifaulu, faida na lawama zote ni zake.

Kwa upande wa jumuiya, mengi bado. Mganda na Mkenya wanaweza kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa tu, na hilo limeokoa safari nyingi. Lakini kila nchi ina sheria yake ya hakimiliki, vyombo vyake vya kukusanya mirabaha na vibali vyake vya maonyesho. Albamu iliyoimbwa na Mkenya, ikarekodiwa Uganda na kupigwa redioni Tanzania inapita katika milango mitatu kabla shilingi haijamfikia mwenyewe. Wanaokaa Arusha kupanga mambo ya jumuiya wangefanya vyema kuanza na mfano kama huu, kwa sababu kazi yenyewe imeshafanyika na inasubiri utaratibu tu.

Ukitaka kujaribu

Kwa msomaji ambaye amefika hapa na angependa kusikiliza, huu ndio ushauri wangu. Anza na Tewari, kwa sababu ya rapu. Kisha ingia kwenye The Adept, na uisikilize mfululizo, kwa kuwa imepangwa kama safari. Duma iache mwisho. Ni ngumu kuliko zote na inakulipa ukiwa tayari.

Usifungulie sauti hadi juu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na muziki huu unavutia kidole kuongeza. Usisikilize mara moja ukaamua. Mara ya kwanza utasikia kelele tu, kama mgeni anayeshuka kwenye teksi Wandegeya kwa mara ya kwanza. Ukikaa kidogo utaanza kutofautisha mhubiri na kondakta, na honi ya boda boda na mafuta yanayochemka.

Nilirudi kwenye kibanda kile jioni iliyofuata. Kijana wa mayai alinikumbuka, akaniuliza kama nimeshaitengeneza simu. Nikamweleza kwa kifupi habari za mwanamke aliyekaa msituni hadi uhuru, na kwamba Kimathi alimwita endegeya. Aliacha kukata kabichi. Akafuta mikono kwenye aproni, akaomba tena ule upande mmoja wa hedifoni, na safari hii alisikiliza wimbo mzima. Kisha akasema bado hajaupenda, na akaniuliza yule bibi alikuwa anaitwa nani.